Nyumba ya Kupanga, na Mbwa Wako

Msikilizaji, kama unatafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam na una mbwa au paka, mwambie dalali mapema, kabla hajakuzungusha mitaani. Tafadhali usimfiche mnyama ukitumaini mwenye nyumba atamzoea. Kodi hapa mara nyingi hulipwa ya miezi mitatu, sita, hata mwaka kwa mkupuo, na dalali naye huchukua ya mwezi mmoja. Ukitimuliwa, kurudishiwa fedha hiyo ni kazi kweli kweli.

Nenda na kadi ya chanjo. Mwenye nyumba akiuona muhuri wa daktari wa mifugo na tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ile inayorudiwa kila mwaka, hofu hupungua. Ongea na wapangaji wenzako pia, hasa kama mnachangia uani, bomba na kamba ya kuanikia. Wapo wasiotaka mbwa aguse nguo zao za swala, na hilo ni haki yao.

Mwenye nyumba akikubali, ruhusa hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa hata shilingi moja.