Asidi Katika Maji

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu)



Nimepewa dakika chache niseme jambo la manufaa. Langu ni lile tulilofundishwa katika maabara ile pale: tia asidi katika maji, usitie maji katika asidi. Sisi tulilikariri kama kasuku, tukajibu mtihani, tukasahau kuuliza sababu.

Sababu ni hii. Asidi kali ya salfuriki ikikutana na maji, huyapa ioni za haidrojeni, nayo maji huzishika kwa nguvu. Kushikana huko hutoa joto jingi. Tena, lita moja ya asidi hiyo ina uzito wa kilo 1.84, na lita ya maji ni kilo 1 tu. Ukimimina maji juu ya asidi, yataelea, na joto litakusanyika pale yanapogusana. Maji huchemka kwenye digrii 100. Asidi hiyo haichemki mpaka ipite digrii 300. Basi yale maji machache hugeuka mvuke ghafla na kuirusha asidi nje. Lakini ukitia asidi kidogo kidogo katika maji mengi, huku ukikoroga, asidi huzama na joto hugawanyika.

Ndugu zangu, nilipoanza kazi serikalini nilipita katika karakana moja, nikamkuta fundi wa betri ameshika ndoo ya maji, mbele yake chombo cha asidi kali. Nilijua hatari yake. Lakini yeye alikuwa mtu mzima, mimi kijana mwenye tai. Niliona haya kumkosoa. Nilipofungua kinywa, maji yalikwisha kumiminwa. Yule mzee alipoteza jicho moja. Shahada yangu haikumsaidia kitu.

Pengine mtauliza: mbona betri ya gari huongezwa maji? Kwa sababu asidi iliyomo imekwisha kuzimuliwa. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji. Na mbona aliyemwagikiwa huoshwa kwa maji? Kwa sababu maji mengi yanayotiririka huchukua asidi pamoja na joto lake. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni mfululizo kwa dakika 20 au zaidi, hata jichoni, kisha mpelekeni hospitali. Msingoje daktari ndipo muanze kuosha.

Vijana, vaeni miwani ya maabara hata mwalimu akiwa hatazami. Na mkimwona mtu anakosea, awe mkubwa au mdogo, semeni upesi, kwa adabu. Elimu iliyonyamaza haina tofauti na ujinga.