Samaki Wetu na Soko la Ng'ambo ya Mpaka

Hotuba ya Afisa Uvuvi kwa wafanyabiashara wa samaki na dagaa, Tukuyu

Waheshimiwa Madiwani, viongozi wa soko, ndugu wafanyabiashara,

Rungwe haina bandari, lakini ipo njiani. Barabara itokayo Uyole kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, yapita katikati ya wilaya yetu. Usipa na mbasa wa Ziwa Nyasa hupanda kutoka Kyela. Dagaa wa Ziwa Victoria hufika Mbeya, na wengi huendelea hadi Tunduma, Zambia, hata Lubumbashi.

Mlango wa soko hilo umefunguliwa. Tanzania, Malawi na Zambia zimo katika Eneo Huru la Biashara la SADC lililoanza 2008. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Yanayotukwamisha ni mambo mawili: ubora na hati.

Kwanza, ubora. Usipa akianikwa mchangani hubeba mchanga. Mnunuzi humshusha thamani, naye huishia kuwa chakula cha kuku. Akianikwa juu ya chanja hukauka vema na bei yake husimama. Nasi huku tuna adui wa pili, mvua. Gunia lililokauka vizuri ufukweni hunyonya unyevu likilazwa sakafuni, kisha huota ukungu. Liinueni juu ya mbao, hewa ipite. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Gunia moja bovu huchafua jina la shehena nzima.

Pili, hati: leseni ya kusafirisha nje, cheti cha afya na cheti cha uasili wa bidhaa. Mwenye magunia matatu huona gharama imemzidi, akashawishika kuvuka Mto Songwe kwa njia za panya. Akikamatwa, hupoteza mtaji uliolisha nyumba na kusomesha watoto. Dawa ni kikundi: magunia ya watu kumi, gari moja, gharama ya kugawana. Kikundi kilichosajiliwa chaweza pia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Waheshimiwa Madiwani, dagaa wakiota ukungu, mama hupoteza mtaji na Halmashauri hupoteza ushuru. Haki ni kwamba sehemu ya ushuru huo irudi kwa mlipaji kama vichanja na ghala kavu. Naomba jambo hili lijadiliwe katika bajeti.

Nanyi wafanyabiashara, fikeni ofisi ya uvuvi kabla ya kufunga mzigo, msingoje kuzuiwa mpakani. Ushauri hutolewa kabla ya safari. Baada ya hapo hubaki majuto.