Kijiji cha Ujamaa Mezani


Vijana wetu wanapenda michezo ya kuigiza mezani. Kila mmoja hubeba mhusika wake, msimulizi hueleza mambo, dadu huamua bahati. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, mara nyingi husakwa hazina. Mwaka huu tuliwaomba wacheze kijiji cha ujamaa.

Mmoja akawa mkulima, mwingine katibu wa TANU, mwingine bibi asiyetaka kuiacha mikorosho yake. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, walijadiliana: shamba la pamoja tulime siku ngapi, mavuno tugawane vipi? Wakafika 1973, kuhamia vijijini kukawa amri. Bibi akakataa. Wakatuuliza: ukilazimishwa, huo bado ni ujamaa?

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameandika kwamba ujamaa haulazimishwi. Vijiji vilileta shule na zahanati. Lakini wapo waliobomolewa nyumba zao. Tusiwafiche watoto lolote kati ya hayo.

Wazee mlioishi vijijini, leo baada ya chakula kaeni nao mezani, muwajibu.

Heri ya Uhuru.