Vishikizo vya Meno: Kwa Nini Hubanduka na Ufanye Nini

Leo nazungumza na mama, baba, nyanya au shangazi anayemlea kijana ambaye meno yake yananyooshwa kwa trei za plastiki angavu, yaani zile trei nyembamba zinazovaliwa juu ya meno badala ya vyuma. Hata kama wako anavaa vyuma, tafadhali usibadilishe stesheni. Mengi nitakayosema kuhusu gundi yanakuhusu wewe pia.

Trei hizi si za jana. Kampuni ya Align Technology ilianzishwa California, Marekani, mwaka 1997, na mwaka uliofuata ikapewa kibali cha trei zake ziitwazo Invisalign. Tangu hapo zimetokea za kampuni nyingine, na hata hapa kwetu utazipata katika kliniki za miji mikubwa. Mzazi akienda kuuliza bei huelezwa vizuri habari ya trei: mtoto azivae saa 20 hadi 22 kwa siku, azitoe wakati wa kula na kupiga mswaki tu, na abadilishe trei kila wiki moja au mbili kama daktari atakavyopanga. Kisha mtoto anarudi nyumbani na vinundu vidogo vimebandikwa kwenye meno, kila kimoja kadiri ya punje ya mchele, na mama anashtuka. Hivi tena ni nini?

Hivyo ndivyo vishikizo. Jino lina uso laini wenye unyevu, na plastiki nayo ni laini. Hebu jaribu kuzungusha chupa laini ukiwa na mafuta mkononi uone kama itageuka. Meno ya duara, kama chonge na yale yanayofuata nyuma yake, huwa hivyo hivyo. Trei inateleza juu yake, jino linabaki pale pale. Kishikizo kinaipa trei mahali pa kushika na kusukuma. Vivyo hivyo kwa jino linalotakiwa kuvutwa kidogo kutoka kwenye fizi. Bila kishikizo, halina sababu ya kushuka.

Kwa hiyo, mama, kishikizo si pambo. Kikibanduka, mtoto anaweza kuendelea kuvaa trei zote kwa uaminifu, moja baada ya nyingine, na lile jino lisisogee inavyotakiwa. Baada ya miezi, trei mpya hazikai tena. Hapo vipimo huchukuliwa upya, trei nyingine zinaagizwa, na muda unaongezeka. Ukizingatia pesa alizolipa mzazi, hilo si jambo dogo.

Sasa, kishikizo kinashikaje? Umewahi kumwona fundi wa mjengo akichonga-chonga ukuta kabla ya kupiga plasta? Anajua plasta haishiki ukuta laini. Daktari wa meno naye hufanya vivyo hivyo, ila kwa asidi. Anasafisha jino, kisha anapaka asidi ya fosfori kwa sekunde 15 hadi 30 hivi, anaosha kwa maji, anakausha kwa hewa. Gamba la nje la jino, ambalo huitwa enameli, hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Gundi inaingia ndani ya vitundu hivyo, daktari anaimulika kwa taa ya buluu, inakuwa ngumu pale pale, na kishikizo kimeota mizizi. Aliyeonyesha njia hii ni daktari wa meno Michael Buonocore wa Rochester, New York, mwaka 1955. Wazo alilitoa viwandani, ambako asidi hiyo ilitumiwa kutayarisha chuma ili rangi ishike. Mpaka leo, vyuma vya meno, vijazio vyeupe na vishikizo vyote vinaitegemea kazi yake.

Wengi husikia neno asidi wakaogopa. Inaondoa sehemu nyembamba mno ya enameli, na ikitumiwa na mtu anayejua kazi haimdhuru mtoto. Adui mkubwa wa kazi hiyo ni mate. Tone moja la mate likigusa jino lililokwisha kukaushwa, vile vitundu huziba, na gundi inabaki juu juu. Kishikizo kitaonekana kimeshika, mtaondoka kliniki mkishukuru, na siku ya tatu kinatoka na kipande cha andazi.

Ndiyo maana nasema kazi kubwa hufanyika kabla ya kubandika. Siku hiyo, usimsemeshe mtoto akiwa amefungua kinywa. Kama ana mafua na pua imeziba, piga simu uombe siku nyingine, kwa sababu mtoto asiyeweza kupumulia pua hatakaa kinywa wazi bila kumeza mate. Apige mswaki vizuri asubuhi hiyo. Na kama binti yako alikuwa akitumia dawa za kung'arisha meno, zile zenye peroksaidi ambazo vijana hununuliana siku hizi, mwambie daktari wazi. Dawa hizo hudhoofisha gundi kwa muda, na ni heri kusubiri wiki mbili kabla ya kubandika kitu.

Hapa niwageukie wasikilizaji wa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro na Elementaita, na sehemu nyingine ambako maji ya visima yana floraidi nyingi. Mnayajua meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kiwango hicho. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka yake minane ya kwanza, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, enameli hutoka na madoa meupe, au ya kahawia, na pengine vishimo.

Enameli ya namna hiyo ina tabia yake. Tabaka lake la juu kabisa hustahimili asidi kuliko la kawaida, hivyo asidi haitengenezi vitundu vya kutosha kwa muda ule ule. Chini yake kunaweza kuwa na sehemu dhaifu yenye matundu. Madoa yakiwa hafifu, tofauti ni ndogo. Yakiwa mazito, gundi hushindwa mara nyingi zaidi, iwe ni ya vyuma au ya vishikizo. Si uzembe wa mtoto. Daktari anayeijua hali hii ana njia zake: huweza kuongeza muda wa asidi, kukwaruza kidogo lile tabaka la juu kabla ya kuanza, au kupaka dawa ya kusaidia gundi kushika. Lakini lazima apange mapema. Ukiwa umehamia Nairobi au Eldoret, na mtoto alikulia Gilgil, mwambie daktari alikunywa maji ya wapi, hata kama madoa hayaonekani sana. Muulize pia, kabla hujalipa, "Daktari, kwa meno haya, gundi itashika? Na kikibanduka, utarudisha kwa malipo gani?" Swali hilo halina utovu wa adabu.

Na msitupe dawa ya meno yenye floraidi kwa hofu. Madoa hutokana na kumeza floraidi nyingi wakati meno yanajengwa. Kijana wa miaka 13 anayepiga mswaki na kutema hapati madoa mapya kwenye meno yaliyokwisha kuota, na anahitaji kinga hiyo kwa sababu chakula hujificha kando ya vishikizo. Wa kuangaliwa ni mdogo wake: chini ya miaka mitatu, mpe kiasi cha punje ya mchele tu, na tangu mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere, na ufundishe kutema.

Tuje nyumbani. Siku ya kwanza mpe chakula laini, ugali na mboga, wali, viazi vilivyopondwa. Gundi hushika kwa taa, lakini huendelea kukomaa kwa saa 24 hivi. Baada ya hapo mtoto hula bila trei, kwa hiyo vishikizo viko wazi, na hapa ndipo miwa, mahindi makavu ya kuchoma, njugu na mifupa ya kuku hufanya uharibifu. Simkatazi mtoto wa Kenya mahindi ya kuchoma, maana najua nitapuuzwa. Apukuchue punje kwa mkono, atafune upande usio na vishikizo vingi. Muwa ndio namkataza kabisa, kwani huumenya kwa meno ya mbele. Barafu na kufungua vifuniko vya soda kwa meno pia, lakini hilo mlikwisha kumkataza zamani, natumaini.

Lakini nikiulizwa ni wapi kijana huharibu vishikizo zaidi, sitataja chakula kwanza. Nitataja namna anavyotoa trei. Ana njaa, kengele ya chakula imelia, anaingiza kidole mbele na kuvuta kwa nguvu upande mmoja. Njia inayofaa ni kuanzia nyuma, upande wa ulimi, kuilegeza kwa ncha ya kidole juu ya jino la mwisho, kisha upande wa pili, halafu kuja mbele polepole. Trei ikiwa mpya huwa imebana sana. Kuna ndoano ndogo za plastiki za kusaidia, mwombe daktari moja. Wakati wa kurudisha, aisukume kwa vidole mpaka ikae, asiing'ate kwanza ikiwa imepinda, maana kishikizo kinavunjika kwa kubanwa mahali si pake. Na asinywe chai ya moto akiwa nayo mdomoni. Plastiki hupinda kwa joto, na trei iliyopinda huvutana na vishikizo kila inapotolewa. Tena chai yetu ina sukari, na sukari iliyofungiwa chini ya trei huoza jino.

Utajuaje kimoja kimetoka? Jioni moja kila wiki, mweke karibu na dirisha au washa tochi ya simu. Siku ya kwanza daktari akupe karatasi inayoonyesha meno yenye vishikizo, uhesabu. Ukiona jino ni tupu, au trei ina nafasi kama kiputo mahali ambapo palikuwa pamejaa, kimetoka. Ukiona ufa kati ya ncha ya jino na plastiki, jino limeachwa nyuma.

Angalia pia jinsi kilivyotoka. Kikitoka chote siku chache baada ya kubandikwa, jino likabaki laini, mara nyingi gundi haikushika tangu mwanzo, na kumgombeza mtoto ni kumwonea. Kikivunjika nusu, nusu ikabaki, huenda alitafuna kitu kigumu, au jino la juu linakigonga anapofunga mdomo. Mweleze daktari vyote viwili.

Kama amekimeza, usihangaike, kitapita. Kama anakohoa bila kukoma au anapumua kwa shida, hiyo ni habari nyingine. Mpeleke hospitali mara moja. Mengineyo, aendelee kuvaa trei aliyonayo, wewe upige simu kliniki siku hiyo hiyo, na asihamie trei inayofuata kabla ya kupata jibu. Kuna vishikizo ambavyo daktari atasema vinaweza kusubiri mpaka miadi ijayo. Kuna vingine, hasa vya kugeuza chonge au kushusha jino, ambavyo atataka mje wiki hiyo. Kuchagua ni kazi yake. Na tafadhali, gundi ya dukani, ile ya kubandika viatu na vikombe, isikaribie kinywa cha mtoto. Huchoma fizi, huweka kishikizo mahali pabaya, na daktari hulazimika kukwangua jino kabla ya kuanza upya.

Mwisho, kuhusu trei za kuagiza kwa intaneti bila kumwona daktari. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani iliuza trei kwa njia hiyo, watu wakijipima meno nyumbani, na kwa kawaida bila vishikizo, kwa kuwa hakukuwa na wa kuvibandika. Ilifunga kazi Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa wajitafutie daktari. Kabla ya kulipa popote, hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na kwamba kliniki iko mahali unapoweza kufika kwa nauli unayoimudu, kwa sababu hata kazi nzuri hubanduka mara moja moja.

Trei zikiisha, vishikizo huondolewa na daktari kwa kifaa cha kusugua, na jino hung'arishwa. Kijana asivichokonoe kwa kucha wala kwa kisu kwa haraka ya kumaliza, hasa yule wa meno ya kahawia, kwani enameli yake humeguka upesi.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya mtoto anayekoroma usiku. Kwaheri kwa sasa.