Tulinganisheje Huduma za Benki kwa Simu na Intaneti?

Ninyi mnaosikiliza kwa vikundi, mchagueni mmoja ashike kalamu, maana mwishoni nitawapa kazi ya kufanya.

Msikilizaji mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi kila benki yasema kwamba huduma yake ya simu na intaneti ndiyo bora. Mimi nataka kuweka akiba yangu. Nitajuaje iliyo bora kweli?" Nikamwambia awaulize wateja. Akacheka. "Nimekwisha kuwauliza. Mmoja asifu, mwingine alaani, na wote wawili ni wa benki ile ile!"

Basi nilikwenda nikawaona watu hao. Yule mwenye kusifu ana simu kubwa yenye programu ya benki, naye hufanya kazi mjini, mahali ambapo intaneti haina taabu. Mwenzake ana simu ndogo ya vitufe. Yeye hupiga ile namba fupi ya nyota na reli, na mara nyingi kabla hajamaliza kuandika kiasi cha fedha, mawasiliano hukatika, akalazimika kuanza upya. Benki ni moja, lakini ina milango miwili, na kila mtu alinieleza habari za mlango wake. Wala hapana aliyesema uongo.

Kwa hiyo shida si kuuliza, ila ni namna ya kuuliza. Hebu twende Uingereza kidogo, kwa kuwa huko kazi hii imewekewa amri. Mwaka 2017 mamlaka ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara iliziamuru benki kubwa zikubali wateja wao waulizwe na watu wasio wa benki. Majibu ya kwanza yalitangazwa Agosti 2018, na tangu hapo hutangazwa kila baada ya miezi sita. Kila benki huulizwa wateja wake kiasi cha 1,000, na swali ni moja kwa wote: je, ungewashauri jamaa na rafiki zako watumie huduma za benki yako za intaneti na simu? Wanaohesabiwa ni wale tu waliojibu kwamba wangefanya hivyo kwa hakika kabisa, au karibu na hakika. Mwenye kusema "labda" hahesabiwi. Huduma ya matawini huulizwa mbali, maana benki yaweza kuwa na makarani wema na programu mbovu. Kisha matokeo hupangwa kwa orodha, nayo hubandikwa matawini na kuonyeshwa katika intaneti. Hata benki iliyo mkiani haina budi kuibandika. Mimi napenda sana jambo hilo!

Lakini orodha hiyo nayo yataka akili. Benki kama Monzo na Starling, ambazo hazina matawi kabisa, mara nyingi zimesimama juu. Wateja wao ni watu waliochagua simu tangu mwanzo. Mzee asiyeipenda simu hakwenda huko, basi hawezi kulalamika huko. Tena swali lile huhusu mambo yalivyo kwa kawaida. Siku za kawaida benki nyingi hufanana. Tofauti huonekana mambo yakiharibika.

Na yaliharibika huko huko Uingereza. Benki ya TSB ilikuwa ikitumia mitambo ya kompyuta ya benki nyingine, Lloyds, ambayo iliachana nayo mwaka 2013. Mwishoni mwa juma lililoanza Ijumaa, tarehe 20 Aprili 2018, ilihamisha hesabu za wateja wake milioni 5.2 kwenda kwenye mitambo mipya. Hesabu zilifika salama, lakini mitambo yenyewe haikuweza kazi. Watu wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao. Wengine walipofungua waliona fedha za watu wasiowajua! Waliokimbilia matawini walikuta makarani nao wamekwama, na waliopiga simu walingoja sana. Mambo hayakutulia kabisa hadi Desemba mwaka ule. Benki ilipata malalamiko zaidi ya 225,000, ikawalipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7, na mwaka 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Mtu aliyeulizwa majuma mawili kabla ya Ijumaa ile angejibu nini? Labda angesifu. Ndiyo sababu nilimwambia yule msikilizaji wangu arudi kwa watu wake na swali jingine: "Mara ya mwisho fedha zako zilipopotea njiani, zilirudi baada ya muda gani, na ni nani aliyekujibu?"

Alirudi na habari hizi. Mama mmoja muuza samaki alilipa ada ya mtoto wake kwa simu. Fedha zilikatwa, shule haikupata kitu. Benki ilimwambia aje tawini na karatasi, kisha arudi kesho, kisha kesho kutwa. Mtoto alikaa nyumbani siku nne. Jirani yake, mteja wa benki nyingine, alipatwa na jambo lile lile. Alipiga simu, akapewa namba ya malalamiko yake, na jioni fedha zikarudi. Tena huyo jirani ndiye aliyekuwa akilalamika kwamba programu ya benki yake ni nzito na sura yake haipendezi!

Haya, kazi yenu ni hii. Kabla ya juma lijalo kila kikundi kitafute wateja sita, watatu wa benki moja na watatu wa nyingine. Andikeni kwanza kama mtu hutumia programu au namba fupi, na yuko mjini au shamba. Kisha mwulizeni habari za siku ya taabu, na saa au siku alizongoja. Makato pia yaandikeni, kwa shilingi, si kwa maneno ya "kidogo" au "mengi". Namba ya siri ya mtu msiiulize kamwe, na akitaka kuitaja mnyamazisheni. Asiyepata kupatwa na taabu yoyote mwandikeni peke yake, msimchanganye na wale waliosaidiwa.

Juma lijalo tutayasoma majibu yenu. Kwaherini.