Choo cha Jirani na Kisima Chako

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tuzungumze juu ya maji tusiyoyaona, yale yaliyo chini ya miguu yetu.

Mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi kumi. Alikuwa anaharisha kwa mara ya tatu katika mwezi mmoja. Nilipomuuliza kuhusu maji akaniambia, "Sista, wallahi nachemsha." Siku ya pili nikapita nyumbani kwake. Ni kweli alichemsha. Sufuria ya maji ya kunywa ilikuwa jikoni, imefunikwa vizuri. Lakini kikombe cha mtoto alikisuuza kwa maji mabichi ya kisima, na mtoto akiogeshwa aliyameza maji hayo hayo. Kisima kiko uani. Nyuma ya ukuta, hatua sita tu, kuna shimo la choo cha jirani. Jirani naye hana kosa. Nyumba zile zilijengwa zamani, ukuta kwa ukuta.

Sasa mama, utauliza: uchafu wa choo umepitaje ukutani? Haukupita ukutani, umepita chini ya ukuta.

Kisiwa chetu hakina mto. Mvua ikinyesha hupenya mchangani, hasa kwenye vilima vya mchanga vya Shela, vinavyotulisha maji mjini. Chini kuna maji ya bahari. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo huelea juu ya yale ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita kama 40 nyingine chini ya usawa huo. Ndiyo maana tukivuta maji kupita kiasi, au tukichota mchanga na kujenga juu ya vilima, chumvi hupanda upesi. Wazee husimulia kwamba mji wa Takwa, kisiwani Manda, ulihamwa katika karne ya 17 kwa sababu visima viligeuka chumvi, na watu wake wakavuka kuja Shela.

Maji hayo hayatulii. Yanatembea polepole kati ya chembe za mchanga, na yakipita chini ya choo hubeba yanayoshuka kutoka humo.

Wako watu wenye kazi ya kuyafuatilia. Ni wataalamu wa maji ya chini ya ardhi. Mtaalamu akiitwa mahali palipochafuka, kwanza huuliza: maji haya yatoka wapi, na yaenda wapi? Hupima usawa wa maji katika visima kadhaa. Maji huelekea penye usawa wa chini, na hivyo hujua uchafu unaelekea kwa nani. Huchukua maji kwa chupa safi, yakapimwa vidudu vya kinyesi, chumvi na sumu nyingine. Baada ya hapo huziba chanzo, huondoa udongo uliochafuka, na pengine huvuta maji machafu ili yasafishwe. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka mingi. Kuchafua ni kazi ya siku moja.

Tuna mfano hapa hapa Pwani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Madini ya risasi yakaingia katika udongo na maji, na watoto wakapatikana nayo katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahali hapo pasafishwe. Kesi ikaenda rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo, mama. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa na miaka 17.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Kuchemsha huua vidudu, na usiache kuchemsha. Lakini hakuondoi risasi, mafuta ya boti wala chumvi. Hakuondoi pia naitreti, ambayo hutokana na kinyesi na mkojo, na haina rangi wala ladha. Maji yakipungua kwa kuchemka, naitreti huzidi ukali. Mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya chupa kwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake hushindwa kubeba hewa vizuri, na midomo na kucha huweza kugeuka buluu. Ukiona hivyo, kimbia hospitali.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtoto wa chini ya miezi sita mpe maziwa yako peke yake. Hahitaji maji, hata wakati wa joto.

Pili, maji ya kunywa, kupikia, kusuuza vyombo vya mtoto na kupigia mswaki yawe yaliyochemshwa mpaka yakatokota, au yaliyotiwa dawa ya klorini kama kibandiko kinavyosema. Kisima kilicho karibu na choo kiwe cha kufulia na kuoshea sakafu.

Tatu, maji ya mvua ya jabia ni neema. Funika jabia, na teka kwa ndoo moja iliyo safi.

Nne, anayechimba choo kipya akiweke angalau mita 30 kutoka kisimani, na shimo lisifike kwenye maji. Mjini hakuna nafasi hiyo, kwa hiyo kaeni na jirani mzungumze kabla ya kuchimba, na mumwite afisa wa afya ya umma apime maji.

Tano, betri kuukuu isivunjwe uani, wala risasi yake isiyeyushwe kutengeneza chubwi za uvuvi karibu na watoto. Mafuta machafu ya mashine yasimwagwe mchangani.

Mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki, endelea kumnyonyesha, na mlete kliniki. Macho yakizama, akilegea au akishindwa kunywa, usingoje asubuhi.

Yule mama tulimkalisha na jirani yake. Walikubaliana kisima kile kiwe cha kufulia, na watumie maji ya mfereji kwa watoto. Hawakugombana, maana wote wawili wana watoto.

Leo jioni, mama, simama kisimani kwako, hesabu hatua mpaka choo kilicho karibu, kiwe chako au cha jirani. Idadi hiyo uje nayo kliniki tuzungumze. Mpaka kipindi kijacho, kwaheri.