Kazi ya Kusoma Picha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bariadi)



Nimeombwa nieleze jinsi nilivyopata kuwa daktari wa radiolojia. Katibu aliniandikia kwamba niseme kwa kifupi na nisiwatishe vijana. La kwanza nitajitahidi. La pili siliahidi.

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1998. Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja kuundwa mwaka 2012. Nikiwa kidato cha pili nilianguka uwanjani, katika mchezo wa bweni kwa bweni, mkono ukapinda. Kwetu wapo mafundi wa kuunga mifupa, wala siwadharau, lakini mwalimu wa zamu aliamua nipelekwe hospitali. Huko ndiko nilikouona mfupa wangu mwenyewe. Filamu ilikuwa bado mbichi, inachuruzika maji, imetundikwa kwenye waya kama shati. Mpiga picha, mzee mpole, akaniambia, "Tazama kijana, hapa ndipo ulipovunjika." Sikuona kitu. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu, nikaona mstari mwembamba kama unywele. Alipoiondoa kalamu nikatazama tena, mstari ukanipotea. Jambo hilo lilinisumbua kuliko maumivu.

Nilirudi darasani na mkono wenye plasta, nikaanza kusikiliza somo la fizikia kwa mara ya kwanza. Mwalimu alitueleza habari za Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyegundua mionzi hiyo tarehe 8 Novemba 1895, akaiita X kwa sababu hakujua ni kitu gani. Kabla mwaka haujaisha alikwisha piga picha ya mkono wa mkewe, na pete ikaonekana kidoleni. Tulifundishwa pia kwamba ukizidisha umbali mara mbili, nguvu ya mionzi hubaki robo. Tuliandika daftarini ili tufaulu mtihani. Leo kanuni hiyo ndiyo inayonilinda kazini: pamoja na ukuta mnene na vazi zito la risasi, kinga yangu nyingine ni kusimama mbali. Kifuani huvaa beji ya kupimia mionzi, nayo husomwa na wataalamu wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ili ijulikane nimepata kiasi gani. Wako wanaoniuliza kwa kunong'ona kama kazi hii haimalizi uzazi. Nina watoto wanne.

Sasa habari ya masomo. Baada ya kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, nilikwenda Muhimbili mwaka 2001. Kilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; kikawa chuo kikuu kamili, yaani MUHAS, mwaka 2007. Udaktari ni miaka 5. Kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, ambamo kijana hulala kidogo na hukosea mengi. Nikaajiriwa na serikali, nikafanya kazi wilayani, na mwaka 2010 nikarudi chuoni kwa miaka mitatu ya ubingwa. Hesabuni wenyewe. Wenzangu niliokaa nao dawati moja hapa walikuwa wameshajenga nyumba na kuozesha, mimi bado nabeba daftari.

Nilipomweleza baba kwamba nimechagua radiolojia, aliuliza, "Huko unatibu nini?" Nikasema situbu moja kwa moja, natazama picha, namweleza daktari mwingine kilichomo. Akanyamaza, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe umesoma miaka yote hiyo, na ng'ombe wangu wamekwenda, ili uwe mfumu wa kuku!" Wasiotoka Usukumani nawaeleza: mfumu ni mganga, na wapo waaguzi wa kwetu wanaompasua kuku na kusoma matumbo yake. Niliumia. Lakini kadiri nilivyozidi kufanya kazi hii ndivyo nilivyoona kwamba mzee alikuwa na neno.

Maana mfumu hasomi kuku wa bure. Kuna mtu mbele yake mwenye shida, na shida hiyo ndiyo inayotafutwa. Mimi huletewa karatasi imeandikwa "eksirei ya kifua", basi. Umri hakuna. Anakohoa? Ameanguka? Ana homa wiki ngapi? Hakuna. Kivuli kile kile pafuni kinaweza kuwa kifua kikuu, kovu la zamani, au saratani, na kinachotenganisha mara nyingi ni maneno mawili ambayo mwenzangu alikuwa na haraka ya kuyaandika. Wenzetu madaktari mlio humu ukumbini, nawaona mnacheka. Ndiyo, nasema ninyi.

Lakini nisiwalaumu wengine kabla ya kueleza langu.

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa mzee wa makamo aliyepigwa na dume la ng'ombe kifuani. Ilikuwa jioni na foleni ilikuwa ndefu. Niliitundika filamu kwenye taa, nikaona mbavu mbili zimevunjika. Nilifurahi! Kijana akiona kitu kwenye picha hufurahi, utadhani amekipata cha kwake. Nikaandika mbavu mbili, nikaagiza dawa za maumivu, nikaita mgonjwa mwingine. Usiku wa manane muuguzi wa zamu alimkuta mzee yule anahangaika kupumua, midomo imegeuka rangi. Aliyemwokoa ni muuguzi huyo, aliyekimbia kumwita daktari mkubwa bila kungoja ruhusa yangu, na daktari akaingiza mrija kifuani, hewa ikatoka. Asubuhi tuliitundika tena filamu ile ile. Juu kabisa, chini ya mfupa wa bega, ulikuwapo mstari mwembamba wa ukingo wa pafu, na nje yake weusi mtupu: hewa iliyokwisha vuja. Ulikuwapo tangu jioni. Mimi niliacha kutafuta mara nilipopata.

Mzee alipona, akarudi kwa ng'ombe wake. Hakuna aliyeniadhibu, na hilo nalo lilinikera. Ila tangu siku hiyo sianzi na kile kinachonirukia machoni. Huanzia pembeni, kwenye ncha za mapafu, chini ya kiwambo, kwenye mifupa ya mabega, na ule ugonjwa unaoonekana kwa kila mtu huuacha mwisho. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba mimi ni mzito. Ni kweli.

Naeleza haya kwa sababu mambo yamebadilika kwa kasi. Zamani mtu wa Meatu au Itilima akigonga kichwa, picha ya CT ilimaanisha safari ya Mwanza, hospitali ya Bugando, na aghalabu mnyama mmoja au wawili kuuzwa mnadani. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Ni jambo kubwa, wala sitaki kulipunguza. Lakini mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja, na msomaji wake, kama mlivyohesabu, huchukua miaka 9 tangu aingie chuo, bila kuhesabu miaka ya kazi katikati. Picha yaweza kutumwa kwa mtandao ikasomwa na bingwa aliye mbali. Nami nimesoma nyingi za namna hiyo. Bado lazima awepo mtu wa kuzisoma.

Na kazi yenyewe imepanuka. Mwaka 2019 MUHAS ilianza kufundisha shahada ya uzamili ya miaka miwili katika tawi ambalo daktari hatazami picha tu, huitumia kuongoza sindano na mirija ndani ya mwili: kuzibua figo iliyokwama mkojo, kutoa usaha kwenye ini, kuchukua kipande cha uvimbe bila kupasua. Walimu walikuja kwa zamu kutoka Marekani na kwingineko mpaka vijana wetu wakahitimu. Baba hakuishi kuliona hilo. Angesema hatimaye wamempa mwanangu sindano.

Kwa vijana ambao miaka 9 imewakatisha tamaa: ipo njia nyingine, nayo si ya walioshindwa. Yule mzee mpole aliyenionyesha mfupa wangu hakuwa daktari, alikuwa mpiga picha wa eksirei. Stashahada ya kazi hiyo ni miaka 3, na hufundishwa Muhimbili na Mwanza katika chuo kikuu kilichoko Bugando. Mgonjwa akilazwa vibaya mezani, au alama ya kulia ikawekwa kushoto, hakuna bingwa atakayeirekebisha picha ile kwa kuitazama sana.

Nimezidisha muda, naona Katibu anatazama saa. Nimeleta filamu 12 za zamani, zile za plastiki, majina yote yamekatwa. Mkuu wa Shule ameniruhusu kuzitundika kwenye madirisha ya maabara ya fizikia, upande wa jua. Ya kifua cha yule mzee haimo, ila nimechora mfano wake kwa mkono, nao umo. Anayetaka anikute huko saa kumi, kabla ya mpira. Nitakuwa na kalamu, lakini sitaonyesha kitu mpaka mtazame wenyewe kwanza.